Meza Iliyokuja Kuposa

Asubuhi ile Ummi alivunja sahani mbili za duka, akaunguza uji, na mteja mmoja Msomali alipomsalimia, yeye akamjibu "asante." Shangazi yake Shufaa akamkata jicho.

"Wewe mtoto una nini leo? Umepagawa?"

"Sina kitu, shangazi."

"Huna kitu, na sahani zinakwisha!"

Angesema nini, masikini? Kwamba leo baada ya sala ya alasiri Parfait anakuja kuposa? Ami yake Mahmoud alikwishadokezwa kuwa kuna mtu ataka kuja kuzungumza naye, na mtu mzima haambiwi mara mbili. Lakini kwamba mtu mwenyewe ni Mkongo, na anasali kanisani, hilo Ummi alikuwa amelimeza kama dawa chungu. Mapenzi haya, lo! Yanamfanya mtu mwenye akili zake timamu aamini kuwa dunia nzima itampisha njia, eti kwa sababu yeye anapenda.

Baba yake alipofariki huko Tanga, ami Mahmoud, mdogo wa marehemu, alimchukua kwa mama yake akamleta Johannesburg, akamweka kwenye duka lake la vyombo pale Mayfair. Juu ya duka wakaishi watatu: ami, dada yake Shufaa aliyekuwa mjane, na Ummi. Maisha yalikuwa masufuria, vikombe na birika, mpaka siku moja ya baridi kali alipoingia kijana mrefu mwenye rangi ya bluu chini ya kucha.

"Dada, ile kikombe ya kule nyuma bei gani?"

"Kile kimemeguka, kaka. Hatukiuzi. Chukua hiki kizima."

"Hapana. Minataka ile yenye kidonda."

Ummi alicheka mpaka akashika meza. Kijana naye akacheka, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Parfait alikuwa mzaliwa wa Bukavu. Aliishi Yeoville na mama yake, Mama Orpha, mshona nguo, na alikuwa mwaka wa mwisho akisomea uchoraji chuo kikuu, Braamfontein. Akawa haishi kuja dukani, mara bakuli, mara kisu, mara birika lisilo na mfuniko. Kila akija alimsimulia Ummi habari za wachoraji wa Kifaransa wa zamani, watu waliokaa na mkate na glasi ya maji wakavichora kwa subira ambayo wengine wanampa mfalme. Kila kitu mezani kilikuwa na neno lake, alisema. Ua lililonyauka lina neno, tunda lililomenywa lina neno, hata kisu kilichoning'inia ukingoni.

"Kifaransa tunaita nature morte. Yaani maumbile yaliyokufa."

"Yamekufa na yanasema?"

"Njo vile. Yanasema kuzidi watu."

Kisha siku moja aliomba kitu chake. "Wale wazee hawakuchora mtu, Ummi. Walichora kitu chake, na mtu anakuwamo mule ndani." Ummi hakufikiri. Alivua bangili ya fedha aliyoachiwa na bibi yake, akaifunga kwenye gazeti, akampa juu ya kaunta kama anayempa chenji. Shufaa alipouliza mkono mbona mtupu, akajibu kwamba bangili iko kwa sonara, kufuli imelegea. Akajiambia ni uongo mdogo tu.

Wiki iliyopita walikutana kituo cha mabasi Braamfontein, wakapanga kila neno.

"Ami atakuuliza kama utasilimu," Ummi alisema. "Utajibu nini?"

"Nitajibu ndiyo."

"Hebu sema tena."

"Ndiyo, Ummi. Juu yako, ndiyo." Akamshika ncha ya kidole kimoja, basi, maana watu walikuwa wengi. Ummi alirudi Mayfair na kidole kile kikiwaka moto.

Alasiri ikafika. Ummi akapanga sambusa, akapanga vikombe vya kahawa vya kuwatosha wageni, akajificha nyuma ya pazia la jikoni. Kengele ikalia. Kwenye upenyo wa pazia akamwona Parfait amevaa koti la kuazima lililompwaya mabegani, na kwapani kitu kipana kilichofungwa blanketi. Ummi akatazama nyuma yake, mlangoni. Hapakuwa na mtu.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba, karibu," akasema Mahmoud. Alikuwa mtu wa maneno machache na tasbihi ndefu. "Wenzako wanaegesha gari?"

"Niko peke yangu, mzee."

"Peke yako?" akadakia Shufaa. "Kama mtu wa kusoma mita ya umeme?"

Nyuma ya pazia Ummi aliuma ncha ya mtandio wake. Kwao Tanga posa huletwa na watu. Mposaji mwenyewe hukaa nyumbani akitafuna kucha, wakaenda wazee kumsemea. Wakiulizwa ukoo wanajibu, wakisimangwa wanavumilia, wakirudishwa leo wanakuja tena kesho. Hata asiye na ndugu huwaomba wazee wawili msikitini wakamstiri. Anayekuja mwenyewe anatangaza jambo moja tu, kwamba duniani hakupata mtu wa kusimama naye. Katika yote aliyomfundisha Parfait, shikamoo, kuvua viatu, kula sambusa kwa mkono wa kulia, hili Ummi hakulitaja. Nani asiyelijua?

Parfait alilijua. Hata kwao Bukavu wazee ndio huenda.

"Mzee, sitaficha," alisema. "Mama yangu alikataa kuja. Pasta wetu alikataa. Marafiki wangu ni vijana kama mimi. Basi nikaleta hii. Wasemaji wangu wako humu."

Akafungua blanketi, akaisimamisha picha juu ya kiti.

Ummi aliisahau hofu. Ilikuwa meza iliyotandikwa kitambaa cheupe chenye mikunjo. Juu yake palikuwa na mkate, glasi ya maji, kile kikombe chenye kidonda, limau lililomenywa nusu, ganda lake likining'inia, na mshumaa. Mwanga ulitoka kushoto ukapita juu ya kila kitu polepole, ukaishia kwenye bangili yake. Hakuwahi kujua bangili ile ni nzuri kiasi kile. Hakuwahi kutazamwa namna ile maishani mwake, na machozi yalimtoka bila ruhusa.

Mahmoud alivaa miwani. "Mkate huu," alisema polepole, "mtu angeweza kuumega." Akasogea zaidi. "Haya, hao wasemaji wako wanasemaje?"

Parfait aliinua uso, akatazama pazia. Macho yao yakakutana pale kwenye upenyo, mara moja tu, na Ummi akadhani wamepona.

"Mkate unasema hatalala njaa, mzee. Maji ndiyo moyo wangu, unaona mpaka upande wa pili. Kikombe ni mimi. Nina kovu, lakini chai haivuji."

Mahmoud alitabasamu. Wallahi alitabasamu! Ila Shufaa alikuwa ameinama, anakagua picha kama anayekagua mchele.

"Na hilo limau? Mbona limemenywa likaachwa?"

"Wafaransa wa zamani walilichora hivi, mama. Linapendeza kwa macho, lakini ndani ni kali. Ni onyo juu ya uzuri."

"Uzuri wa nani? Umekuja kumposa mtoto wetu, unatuonya kwamba ni mkali?"

"Hapana, mama, mi..."

"Na mshumaa? Umezimika, moshi bado unatoka."

Mwanamume mwingine angedanganya. Angesema umezimwa na upepo, wakacheka, wakala sambusa. Lakini Parfait hakujua kudanganya kuhusu picha. "Unasema maisha ni mafupi," alijibu. "Tutakufa wote. Kwa hiyo tusicheleweshe mapenzi."

"Mtume!" Shufaa akajishika kifua. "Siku ya posa unatuletea mauti mezani! Na kitambaa cheupe kama sanda! Kisirani gani hiki?"

"Dada, kufa tutakufa tu," akasema Mahmoud. "Si habari mpya."

Kidole cha Shufaa kilikuwa kimesimama ghafla hewani mbele ya picha. Ummi akajua kimefika wapi.

"Bangili ya mama yangu," Shufaa alisema. "Nakshi zake hizi. Na huu mkwaruzo niliutia mimi nikiwa mdogo. Ummi! Ummi, toka huko!"

Ummi akatoka. Mtandio ulimwanguka begani, akauokota, ukamwanguka tena.

"Bangili iko wapi?"

"Kwa... kwa sonara, shangazi."

"Sonara gani? Huyu hapa?"

Parfait, masikini ya Mungu, akadhani anasaidia. "Mama, usiogope, iko salama kwangu nyumbani. Iko pale pale mezani, karibu na kitanda."

Ummi alitamani sakafu ipasuke.

"Karibu na kitanda," Shufaa akarudia.

"Chumba chetu ni kimoja, mama, tumegawa na pazia, upande wangu njo mule minalala na minachora..."

"Wallahi sijawahi kufika kwake!" Ummi alipiga kelele. "Nilimpa dukani, mkono kwa mkono, nimeifunga kwenye gazeti! Naapa, shangazi!"

"Ulimpa dukani, ukaniambia sonara. Sasa mimi nishike lipi?"

Ummi akauokota mtandio kwa mara nyingine.

"Mama," Parfait alisema, na Kiswahili alichofundishwa kilianza kumtoka, "kwa kazi yetu hauchori mutu, unachora kintu yake. Ile bangili ni Ummi. Nimeiweka mahali mwanga unafika mwisho. Ni heshima."

"Heshima! Mwanamwali avue bangili ya bibi yake, ionekane juu ya shuka la mwanamume, wewe unaita heshima! Na picha hii nani mwingine ameiona?"

"Walimu wangu. Na... ilitundikwa chuoni, mama. Watu walipita kuiangalia."

"Eish," ilimtoka Ummi, kwa sauti ndogo.

"Basi Johannesburg nzima," akasema Shufaa, akakaa.

Mahmoud alikuwa anazungusha tasbihi. Punje zilipita moja moja, na kila moja ilimgonga Ummi kifuani. Hatimaye akavua miwani.

"Kijana, mimi naamini hapakutendeka jambo. Mwizi haleti mwenyewe alichoiba."

"Mahmoud!"

"Ngoja, dada. Mimi ndiye walii wa mtoto huyu, mimi ndiye nitakayeulizwa. Umekosa wazee, hilo linatibika. Hata mimi nitakutafutia watu msikitini wakusemee mbele yangu mwenyewe. Mshumaa na limau nitayasahau. Nakuuliza neno moja tu, na ukilijibu, leo utakula sambusa hizi. Utasilimu?"

Mlango uliokuwa umefungwa ukafunguka wote. Ummi hakuamini masikio yake. Aliinua macho akamtazama Parfait waziwazi, mbele ya ami na shangazi, bila haya. Sema, macho yake yalisema. Ni neno lile lile la Braamfontein. Sema, mpenzi wangu, tumefika.

Parfait alifungua mdomo.

"Mzee, asubuhi hii nilimwambia mama yangu."

"Akasemaje?"

"Hakupiga kelele. Mi nilidhani atapiga kelele. Alilala chini jikoni, kwenye sakafu, na aproni yake. Akaniuliza, Parfait, baba yako tulimuzika na nyimbo za kanisa. Mimi siku nikikufa, nani ataniimbia?" Akameza mate. "Niko mutoto yake mumoja, mzee. Hana mwingine."

"Pole yake," Mahmoud alisema, na ilikuwa pole ya kweli. "Lakini sikumuuliza mama yako. Nimekuuliza wewe."

Parfait akanyamaza.

Ummi alingoja. Chini, barabarani, taksi ilipiga honi kuita abiria wa mjini. Kahawa ilikuwa inapoa. Akangoja tena, kisha subira ikamwisha.

"Parfait. Sema."

"Ummi..."

"Uliniahidi. Nilikuambia useme tena, ukasema tena!"

"Minakupenda, Ummi. Mungu anajua vile minakupenda."

"Hilo sijakuuliza! Hilo nalijua!" Sauti ilimpasuka. "Nimekuuliza neno moja. Ami amekubali, Parfait, hukumsikia? Amekubali! Limebaki lako tu!"

Parfait aliinamisha kichwa. Machozi yake yalidondoka juu ya viatu alivyokuwa ameving'arisha kwa ajili ya siku ile, akawa anaviangalia tu. Ummi alimwona anasogeza midomo, anajaribu, na akaona jinsi mama yake alivyolala kifuani mwake kama alivyolala kwenye sakafu ya jikoni. Hakumchukia. Laiti angemchukia!

"Nimekusikia," akasema Mahmoud, ingawa hapakusemwa neno. "Chukua meza yako, mwanangu. Bangili iletwe dukani, umkabidhi Shufaa."

Parfait aliifunga picha kwenye blanketi. Kona moja ikakataa kuingia, akaihangaikia muda mrefu, na hakuna aliyemsaidia. Mlangoni aligeuka. Alimtazama Ummi kama mtu anayejifunza kitu kwa moyo kabla hakijaondolewa mezani.

"Pardon," alisema.

Kisha ngazi. Ummi alizisikiliza hatua zake mpaka chini, akaanza kwenda dirishani.

"Kaa," akasema Mahmoud kwa upole. Akakaa.

Shufaa ndiye aliyeanza. Hakupayuka tena. Aliongea kwa sauti ya mtu anayefunga duka. "Kaka, watu wameiona. Wapo watoto wetu wanaosoma pale. Habari itafika msikitini kabla ya Ijumaa, na wewe unajua watu watakavyoipika. Nani atakuja tena kumposa mtoto wa marehemu? Bakiri wangu bado anamtaka. Tangu Idi ananiuliza."

Bakiri alikuwa mwanawe, aliyebaki Tanga akiuza vipuri vya pikipiki. Hakuwa mlevi, hakuwa mkorofi, na aliwahi kumbeba Ummi mgongoni alipochomwa na mwiba udogoni. Ummi hakuwa hata na kosa la kumtolea, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

Mahmoud alivuta kiti akakaa mbele yake. Akamkunja vizuri mtandio begani, kama baba.

"Ummi, mwanangu. Mimi sikuozeshi kwa nguvu. Sitaki nikutane na baba yako huko ahera aniulize. Nakuuliza kama sheria inavyotaka. Umemridhia Bakiri?"

Ummi alitaka kusema hapana. Neno alikuwa nalo. Lakini alipolitafuta likagoma kutoka, maana hapana ya nini? Amngoje nani? Kama Parfait angetamka neno lake, yeye angepata hapana za kuwatosha wanaume wa dunia nzima. Akamtazama ami yake. Akatazama kiti kilichobaki wazi. Hakusema.

Na kwa watu wao, kimya cha mwanamwali ndiyo ridhaa yake. Haya humzuia kutamka, kwa hiyo akinyamaza watu humsoma na kumwelewa. Ummi alilijua hilo vizuri. Kule Tanga alikwisha kukaa mkekani na binamu zake waliofunikwa mtandio, wakaulizwa, wakanyamaza, na yeye Ummi akawa wa kwanza kushangilia. Hakuwahi kumwinulia mmoja wao mtandio amtazame machoni. Kimya cha Parfait kilikuwa kimehesabiwa hapana. Chake kikahesabiwa ndiyo.

"Alhamdulillahi," akasema Mahmoud, na macho yake yalilowa kwa furaha. Alikuwa ameamini, mzee wa watu. Akaweka kiganja juu ya kichwa cha Ummi, akamwombea dua, kisha akachukua simu akapiga Tanga, akafungua spika ili wote wasikie.

"Shemeji? Salama, salama kabisa. Shemeji, mwanao karidhia. Bakiri, ndiyo! Nimemuuliza mwenyewe sasa hivi."

Nyumba nzima ya Tanga ikalipuka. Mama yake Ummi alilia na kucheka kwa pamoja, majirani wakaitana uani, na vigelegele vikapanda kimoja juu ya kingine mpaka simu ikawa inakoroma mkononi mwa Mahmoud.

"Mwanangu!" mama alipaza sauti. "Mwanangu, umenitoa kimasomaso! Mungu akupe kheri!"

Hapo ndipo neno lililomgomea Ummi lilipotoka.

"Sitaki," alisema. Ilitoka ndogo, akaisukuma. "Ami, sitaki."

Mahmoud alikuwa ameiinamia simu, ameangua kicheko, kidole kimeziba sikio la pili ili amsikie vizuri shemeji yake. Hakusikia. Tanga hawakusikia. Aliyesikia ni Shufaa, aliyekuwa amesimama karibu naye kuliko wote, amebeba sinia la sambusa.

Wakatazamana. Shufaa alilishusha sinia mezani taratibu, akajipangusa mkono kwenye kanga, akauweka mdomoni, akapiga kigelegele kirefu kuliko vyote.